Tarakimu Arobaini na Nane

Jumatatu, 12 Januari

Taarifa ya bandari nimeituma redioni saa moja asubuhi, kwa simu, kwa kidole kimoja. Kompyuta haifunguki.

Niandike kwa mpangilio. Jana mchana niliweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows, kwenye diski moja. Sababu: Windows imekuwa nzito. Kukata sauti ya dakika mbili kunachukua muda wa kusonga ugali. Nilifuata maelekezo ya mwenzangu wa Lindi, hatua kwa hatua. Nilipunguza sehemu ya Windows, nikachomeka flashi, nikazima ulinzi mmoja wa wakati wa kuwasha, kama alivyoniambia. Linux ikaingia. Leo nikiwasha, mashine inauliza nitumie ipi. Nachagua Windows. Unakuja ukurasa wa bluu. Unataka ufunguo wa tarakimu arobaini na nane.

Sina ufunguo huo. Sijawahi kuwa nao. Sijawahi kufunga kitu.

Upande wa Windows kuna kazi zangu za miaka sita. Kuna rekodi moja ninayoihitaji kuliko zote: mkutano wa wakulima wa korosho mwezi uliopita, kwenye ghala la chama chao, kijiji cha upande wa Mnazi Bay. Wakulima waliambiwa korosho zao zimekataliwa kwa sababu walizileta zikiwa na unyevu. Niliuliza kuhusu paa la ghala. Mwenyekiti akakiri mbele ya watu wote kwamba linavuja na magunia yalilowa humo humo. Nikatangaza. Kesho yake akakana. Akasema habari ya paa imetolewa nje na karani wa ghala, Somoe. Karani amesaini kutosema mambo ya ghala kwa mtu wa nje. Bodi ya chama inakaa Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 22. Wakimwona na kosa, kazi hana.

Wakulima walisikia kila kitu. Hakuna anayetaka kusimama. Magunia yao bado yako mikononi mwa mwenyekiti.

Ijumaa nilipeleka barua kwenye bodi: Somoe hakunipa habari hii, niliipata mkutanoni, nitaleta rekodi nzima, bila kukatwa. Rekodi iko nyuma ya ukurasa wa bluu. Kwenye simu niliifuta kabla ya mwaka mpya. Simu ilikuwa imejaa.

Jumanne, 13 Januari

Linux inaiona sehemu ya Windows. Inaonyesha ukubwa wake, sawasawa. Nikibonyeza, kufuli.

Nimeurudisha ulinzi niliouzima. Ukurasa wa bluu. Nimebadilisha mpangilio, Windows itangulie. Ukurasa wa bluu. Nimezima, nikanywa chai, nikawasha. Bluu.

Sielewi. Niliharibu au nilifunga? Hayo ni mambo mawili tofauti na kila ninayemuuliza anayachanganya.

Nimempigia Somoe kumwambia ukweli. Amenipa pole. Kisha: "Dada, usijisumbue. Mashine ikishagoma imegoma. Mungu yupo." Mwanamke mstaarabu. Kazi yake iko hatarini na ananionea huruma mimi.

Nimemwambia itafunguka.

Jumatano, 14 Januari

Kwa fundi karibu na stendi. Ameiwasha, ameangalia sekunde kumi.

"Mama, hii tupige Windows upya. Nusu saa tu."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo ndiyo vinakwenda, mama. Nyumba ukiibomoa unabaki na sebule?"

Nimekataa. Amekuna kichwa, akaangalia tena, safari hii kwa makini. Akasema haikuharibika. Imefungwa tangu zamani, siku ya kwanza ilipowashwa, ila ilikuwa inajifungulia yenyewe kila asubuhi kwa sababu hakuna aliyeigusa. Jumapili nimeigusa. Sasa hainijui.

"Nani aliifunga?" nimeuliza.

"Wewe."

"Mimi sikufunga."

"Basi ilijifunga. Ufunguo uko kwenye akaunti yako."

Nimeondoka na jambo moja la uhakika: haikuharibika. Hilo peke yake ni maendeleo. Mengine yote ni ukungu.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeingia kwenye akaunti yangu ya Windows. Sehemu ya funguo ipo. Ndani yake hakuna kitu. Nimetoka, nimeingia tena. Hakuna kitu. Ukurasa wa bluu unatoa namba ya utambulisho ya ufunguo, herufi na tarakimu nane za mwanzo. Nimeziandika kwenye daftari. Nina jina la kitu kisichokuwepo.

Nimewahi kumtafuta nahodha aliyekana meli yake. Hilo lilikuwa rahisi zaidi.

Sokoni nimekutana na mwenyekiti. Anachagua nyanya, mwenye afya, anacheka. "Mwandishi! Nasikia kompyuta imemeza maneno yangu?" Muuza nyanya akacheka naye. Habari imeshafika hadi huko. Nimemwambia itayatapika. Ni jibu la hasira. Silipendi.

Jioni Somoe amepiga mwenyewe. Swali moja: imefunguka? Nimesema bado. Akasema, "Haya dada, pumzika basi, usije ukaumwa kwa ajili yangu." Siku sita zimebaki na yeye ananipumzisha mimi. Watu wa aina hii ndio wanaoonewa.

Jumamosi, 17 Januari

Nilikuwa nafua. Nikakumbuka.

Siku niliyoletewa kompyuta hii, ilipowaka mara ya kwanza iliniandikia: Karibu, Amade. Nilidhani ni jina la mashine. Kweli kabisa. Nilidhani kila mashine imepewa jina kiwandani, yangu ikaitwa Amade. Baadaye nikaweka jina langu na sikuliona tena lile.

Amade ni fundi aliyeniandalia. Kijana wa familia iliyotoka upande wa Msumbiji, alikuwa na kibanda kidogo mjini. Wateja wake wengi hatukuwa na barua pepe, au tulisahau neno la siri kabla hajamaliza kuliandika. Basi alikuwa anafungulia kompyuta zote kwa akaunti yake mwenyewe, anatukabidhi, tunashukuru.

Ufunguo wangu uko kwa Amade.

Kibanda chake sasa kinauza chipsi. Muuzaji anasema amerudi kwao, Kilambo, kulima na kuvusha bidhaa. Namba yake haipatikani.

Jumatatu, 19 Januari

Kilambo kwa bodaboda. Matope hadi magotini sehemu mbili, nimeshuka, nimetembea. Kompyuta mgongoni ndani ya mfuko wa mbolea.

Nimempata Amade karibu na mpaka, anafunga mabunda ya vitenge. Amenenepa. Amenitambua kabla sijavua kofia ya chuma.

"Mama mtangazaji! Imekufa?"

"Haijakufa. Inakutaka wewe."

Nimemweleza. Hakuelewa. Nimemwonyesha ukurasa wa bluu. Ameuliza kwa nini nimeweka Linux, nimemjibu, akasema angekuwepo angenikataza. Simu yake ilikuwa imeshika mtandao wa Msumbiji. Tumesogea hadi penye ofisi za forodha ndipo ikarudi Tanzania. Ameingia kwenye akaunti yake. Ya zamani, ameikuta bado inafanya kazi. Sehemu ya funguo: mistari ishirini na saba.

Ameshtuka kuliko mimi. "Hizi zote nini?"

Mashine za watu wa Mtwara. Ofisi, maduka, shule moja, msikiti mmoja. Zote zimejifunga kwa jina lake na hakujua. Mtu anauza vitenge mpakani akiwa na funguo za nusu ya mji mfukoni.

"Mama, wataniita mwizi."

"Ukizifuta ndiyo utakuwa mwizi. Ziache."

Tumelinganisha namba ya utambulisho. Mstari wa kumi na tisa. Amenisomea, nimeandika. Mafungu manane, kila fungu tarakimu sita. Nimemsomea mimi, akahakikisha. Kosa moja fungu la tano. Tumerekebisha. Nimeziingiza pale pale, kompyuta juu ya bunda la vitenge.

Imefunguka. Picha ya zamani ya ufukwe, mafaili yangu yote, kama vile hakuna kilichotokea.

Nilifurahi. Naandika kwa sababu ilikuwa furaha ya kweli na ilidumu hadi nyumbani.

Rekodi nimeisikiliza alasiri. Saa moja na dakika nane. Mwenyekiti anakiri dakika ya arobaini na moja, sauti safi, watu wanaguna. Nimerudi mwanzo kuhakikisha tarehe, kwa mazoea tu. Nina mazoea mengine: huwa nawasha kurekodi tangu getini, nisije nikasahau. Dakika ya tatu kuna salamu. Watu wengi. Kisha sauti ya mwanamke, karibu sana, kwa haraka:

"Dada, si wakulima. Ni paa. Waulize paa."

Na sauti yangu: "Asante, shikamoo mzee, habari za siku," nikimsalimia mtu mwingine.

Ni Somoe.

Nimerudia mara nne. Sikumbuki. Nilisalimia watu arobaini siku ile. Swali la paa nilidhani ni langu. Nilijisifu nalo kwa mhariri. Halikuwa langu.

Jumanne, 20 Januari

Nimekwenda kwake. Alikuwa anamenya mihogo uani. Nimemwambia imefunguka. Kisu kimesimama.

"Umesikiliza yote?"

"Yote."

Ameendelea kumenya. Muhogo mzima, taratibu. Kisha: "Mimi nilikuwa najua, dada. Ulipoandika ile barua nilisema huyu ananifichia siri yangu. Ukasema mashine imegoma, nikasema kweli huyu mtu wa maana, amepata njia. Kumbe imegoma kweli!"

Amecheka. Sikucheka.

Kwa hiyo "usijisumbue" ilikuwa usijisumbue. "Pumzika" ilikuwa pumzika. Aliniomba mara mbili niache, kwa adabu, na mimi nikasikia adabu peke yake. Kazi yangu ni kusikiliza watu.

Nimemuuliza anataka nini. "Mimi nisemeje? Wewe ndiye unayeijua kazi yako." Kisha, nilipofika kwenye mlango wa ua: "Ila getini, dada, siku nyingine zima hicho kitu."

Jumatano, 21 Januari

Njia zilizopo.

Kupeleka rekodi nzima: mwenyekiti anaumbuka, Somoe anafukuzwa.

Kukata dakika tatu za mwanzo: kazi ya sekunde chache. Lakini niliandika bila kukatwa, na sijawahi kukata sauti ili idanganye. Nimewakataza vijana wa redioni kwa hilo hilo.

Kusema sitoi tena rekodi: kesho yake kila mtu atajua kwa nini.

Kusema bado haijafunguka: uongo.

Mtu aliyenipa habari simtaji. Hiyo ni kanuni ya kwanza niliyofundishwa na sina nyingi zaidi yake. Somoe alinipa habari. Kwamba sikujua hakubadilishi kitu.

Asubuhi nimenakili kazi zangu zote kwenye diski ya nje. Miaka sita. Faili moja sikulinakili. Kisha nimechomeka flashi ya Linux tena. Safari hii imeuliza: kando ya Windows, au futa diski yote? Nimechagua futa yote. Imeuliza kama nina hakika. Imechukua dakika kumi na nne. Siku kumi za kuhangaika, dakika kumi na nne.

Ukurasa wa daftari wenye tarakimu nimeuchana na kuuchoma jikoni.

Barua ya pili kwa bodi, mstari mmoja: Rekodi niliyoahidi haipo tena. Sentensi ni ya kweli. Ile ya kwanza, inayosema Somoe hakunipa habari, si ya kweli, na sijaifuta. Nilipoiandika niliamini. Sasa siamini na naiacha. Hilo ni langu.

Alhamisi, 22 Januari

Bodi imekaa ghalani. Nimekaa benchi la nyuma. Somoe mbele, kanga mpya.

Mwenyekiti ameanza na mimi. Rekodi iko wapi? Nimesema haipo. Akageukia watu, mikono wazi: "Mmesikia? Hakuna, kwa sababu sikusema!" Akaniuliza nani aliniambia niulize paa. Nimesema siwataji watu walionipa habari, wala wasionipa. Amesema hilo si jibu. Nimekubaliana naye.

Mwenyekiti akawaangalia wajumbe. Nilidhani imekwisha. Niliona aibu, na aibu hiyo siielezi zaidi.

Kisha mkulima mmoja nyuma, mfupi, mwenye koti la mvua, akasema kwa sauti ya chini kama anaongea na jirani: "Lakini alisema paa limechoka."

Jirani yake: "Hakusema limechoka. Alisema linavuja."

"Limechoka!"

"Linavuja! Nilikuwa nimekaa pale kwenye mzani, wewe ulikuwa nje unavuta sigara."

"Nje nilisikia vizuri kuliko wewe. Alisema limechoka na magunia yamelowa."

"Hayo ya magunia ndiyo, ila alianza na linavuja."

Mwanamke wa tatu akawaambia wote wawili wamekosea, alisema linavuja tangu mvua za mwaka juzi. Watu kumi wakawa wanabishana. Hakuna aliyesimama kumshtaki mtu. Walikuwa wanabishania neno. Mjumbe mkubwa wa bodi aligonga meza na kuuliza: kwa hiyo alisema? Wakajibu kwa pamoja, kwa kukereka, kwamba bila shaka alisema, swali ni alisemaje.

Mwenyekiti alikaa.

Somoe amepewa onyo la mdomo, kwa ajili ya kufunga shauri. Kazi anayo. Paa litakaguliwa. Wameandika korosho zililowa ghalani.

Nimetuma taarifa kwa simu. Mistari minane. Swali la paa sikulitaja.

Jumamosi, 24 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nimepita ghalani nikitokea kwenye maziko. Wametandika turubai juu ya paa na mawe pembeni. Somoe alikuwa mlangoni na daftari lake. Ameinua mkono. Nimeinua wangu. Simu ilikuwa imezimwa mkobani.

Nimempigia Amade. Safari hii imepatikana. Anawatafuta wenye zile mashine ishirini na sita, mmoja mmoja, awape funguo zao. Wanne wamemuuliza ufunguo wa nini.

Jioni nimewasha kompyuta niandike taarifa ya kesho. Hakuna ukurasa wa bluu, hakuna orodha ya kuchagua. Imewaka moja kwa moja. Haiulizi kitu.