Nilikodi Gari, Mji Mzima Ukasimama

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo, na kama umri wako ni mdogo kwangu basi chukua marahaba yako humu humu, maana mimi nina miaka hamsini na mbili na nakuandikia nikiwa nimetoka kusali na bado moyo haujatulia.

Mimi ni fundi cherehani. Wiki mbili zilizopita nilikwenda mji mdogo ambao sijawahi kuukanyaga, kuwapima sare wanafunzi wa shule tatu, na shule zenyewe zimefuatana kwenye barabara ya vumbi inayopanda kilima, basi halifiki huko, kwa hiyo nikaulizia gari la kukodi nikaelekezwa kwa mzee mmoja muuza misumari na rangi, akanizungusha kwenye gari lake kuukuu la bluu akinionyesha kila mchubuko, "Hili bonde lipo, na hili lipo, mama, usije ukajibebesha dhambi isiyo yako," akaniambia mshale wa mafuta umekufa, mlango wa nyuma mkaidi, na likipanda kilima injini itapiga mluzi, nisiogope. Leseni yangu ina miaka mitatu tu. Mume wangu kwenye simu akasema, "Mke wangu, gari la watu hilo, ulirudishe likiwa bado gari." Nikasoma dua, nikawasha.

Mshauri, sijui nikuelezeje. Sijamaliza hata maduka, fundi baiskeli akaweka gurudumu chini akasimama wima. Kinamama wa bombani wakatua ndoo. Mwashi aliyekuwa juu ya ukuta akavua kofia akaishika kifuani mpaka nikampita. Hakuna aliyepiga kelele, wanasimama tu na kuinua mkono, nami nikawa nainua wangu kama mke wa rais, nikijisemea watu wa hapa wamefundwa, wanajua kuheshimu wageni. Lakini nilipoegesha shule ya kwanza, mama mmoja akaja akaweka kiganja juu ya boneti, na boneti ina moto, akafumba macho, akaenda zake bila hata kunitazama. Mwili ulinisisimka wote.

Kupanda kwenda shule ya tatu, injini ikapiga mluzi wake, halafu ikaanza kufuka mvuke, nikasimama kwenye nyumba iliyo peke yake niombe maji ya rejeta. Barazani alikaa bibi mmoja, macho yake yana ukungu, na kabla sijabisha hodi alikuwa ameshakunja mkono wa gauni mpaka begani.

"Umechelewa, mwanangu," akasema. "Miezi minne!"

Nikasema shikamoo. Akanigeuzia sikio, akaitikia marahaba, akasema kaa, pima. Tepu yangu ya kupimia nguo ilikuwa inaning'inia shingoni, nikaelewa anadhani ni kile kipira cha daktari cha kusikilizia moyo. Hapo ndipo ningesema, bibi, mimi ni fundi nguo, naomba maji tu. Ulimi ukagoma, kwa jinsi alivyouandaa ule mkono. Nikapiga magoti nikamzungushia tepu.

"Ngapi leo?"

Nikasoma sentimita nilizoziona. "Ishirini na mbili."

Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Ishirini na mbili! Basi mimi siyo wa kufa leo." Akanishika kiganja tukaomba pamoja, na sijawahi kuomba vile maishani mwangu, nilihisi kama kuna mtu wa tatu amepiga magoti nasi. Akanielekeza maji yalipo. Nilipokuwa naondoka akapaza sauti, "Mlango wa nyuma usukume kwa goti, mwenzio alikuwa anausukuma kwa goti! Utakuja Jumanne ya mwisho wa mwezi, kama kawaida?"

Nikajibu, "Kama kawaida."

Jioni nikarudisha ufunguo. Mzee hakukagua mchubuko hata mmoja. Akaniuliza, "Walisimama?" Nikasema walisimama. Akavuta stuli akakaa. "Lilikuwa la mke wangu. Alikuwa nesi. Miaka kumi na tisa amepanda nalo kuwapima presha wasioweza kuteremka. Tumemzika miezi minne iliyopita." Nilitaka kumwambia habari ya tepu, nikaona aibu, nikawahi basi nikaja nyumbani.

Sasa kila nikivaa tepu naivua tena. Nimemdanganya bibi wa watu asiyeona vizuri, kisha nikathubutu kuomba naye. Jumanne inakuja. Nisiende, akunje mkono wake angoje bure? Niende, niendeleze uongo? Je, nimemkosea marehemu? Niongoze, maana peke yangu nimeshindwa.

Ni mimi fundi, mwenye dhamira nzito.

*

Fundi, dada yangu,

Barua yako nimeipandisha juu ya zote kwa sababu ya hiyo Jumanne. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijikuta nimesimama.

Kwanza nikugombeze. Presha si kiuno cha sketi! Mgonjwa akikuuliza ngapi leo, humpi namba yoyote iliyokuja mbele ya macho, maana mwingine angefurahi akaacha dawa. Na yule mzee, mtu amevuta stuli anakueleza habari za mkewe, wewe unawahi basi? Ulimrudishia ufunguo ukamnyima habari ambayo angeithamini kuliko gari lenyewe.

Sasa futa machozi, usome barua yako mwenyewe. Mtu aliyepimwa presha miaka kumi na tisa anajua namba ya juu inapita mia. Ulipomwambia ishirini na mbili akacheka mpaka machozi. Unadhani alikuwa anashangilia afya? Halafu akakwambia mwenzio "alikuwa" anausukuma mlango kwa goti. Mama wee, bibi alijua! Mji mzima umezika, yeye asisikie? Ule mluzi ulimpa matumaini ya dakika moja, basi, lakini ulipofungua mdomo kusema shikamoo akajua, maana ukungu uko machoni, masikioni haupo. Alijua aliyepiga magoti mbele yake ni mgeni mwenye tepu, na bado akauliza utakuja lini. Aliyekuwa anamwomba arudi si marehemu. Ni wewe.

Kwa hiyo, leo hii, kabla hujashika mkasi, mpigie yule mzee. Mweleze yote, na tepu usiiruke. Akicheka mwache, akilia mwache. Mwombe gari, umwambie aende zahanati atafute nesi wa kukaa kiti cha pembeni na kipimo cha kweli, kwa sababu miezi minne hakuna aliyepanda kile kilima na kipimo, na waliokunja mikono huko si bibi peke yake. Mzee mwenyewe mpakie nyuma. Alikuuliza kama walisimama. Mtu haulizi hivyo kama amewahi kupita nalo akaona mwenyewe. Na aone.

Ukifika usijifiche nyuma ya nesi. Sema, "Bibi, mimi ni fundi nguo." Atakujibu anajua. Nesi apime presha, wewe toa tepu umpime gauni, maana mkono wa ishirini na mbili umepungua na hilo alilovaa lazima linampwaya. Kisha ombeni tena, kama mlivyoomba.

Na mlango wa nyuma, usisahau, ni kwa goti.