Ngazi ya Bwana Nicodemus

Duka la Jagdish, Nakuru
9 Machi 1973

Dada yangu Jepkoech,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Kile kifua cha Cheptanui kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimekasirika mpaka chai hainipiti vizuri.

Uliniuliza kwa nini bomba la maji halikufika kwetu Rongai, na Mama bado anateremka mtoni na debe mgongoni. Kaa chini nikueleze.

Mwaka jana wakubwa walitaka kujua wananchi wanajisikiaje, ili wasio na furaha wasaidiwe kwanza. Wazo si baya. Nililisoma kwenye gazeti la kufungia sukari, ambalo ndilo shule yangu kama unavyojua. Wakamtuma kijana msomi kutoka Nairobi, Bwana Nicodemus, na picha ya ngazi yenye vidato kumi. Juu kabisa ndiyo maisha mazuri kupita yote, chini kabisa ndiyo mabaya. Unaulizwa wewe umesimama wapi. Kwa kuwa hakujua lugha yetu, tajiri wangu Jagdish alimwazima mimi wiki mbili niwe mkalimani.

Akaanza na Jagdish mwenyewe. Mtu ana duka, malori mawili na jino la dhahabu, akaugua palepale! Alisema yuko kidato cha pili, na hicho nacho kinatikisika. Baadaye alininong'oneza kwamba mtu akikuuliza furaha yako huku ameshika kalamu, huyo ni wa kodi. Wenye maduka wa barabara ile wote wakajibu hivyo hivyo.

Kisha tukaenda kwetu Rongai. Desturi unaijua: mgeni akiuliza habari, ni nzuri. Shida zinatoka baada ya kikombe cha pili. Lakini Nicodemus alikuwa na nyumba kumi na tano kwa siku, hakungoja hata maji yachemke. Mzee Kimaiyo, aliyezika ng'ombe wanne kiangazi kile, akasema yuko cha tisa, tena akauliza huyu kijana anakimbizwa na nani. Nilimwambia Nicodemus kwamba hawa wanamsalimu tu, bado hawajamjibu. Akasema yeye anaandika anachoambiwa, mengine si kazi yake.

Basi karatasi zikafika kwa wakubwa: Rongai yetu ina furaha tele, barabara ya maduka ina huzuni kubwa. Bomba likaenda madukani. Sasa Jagdish anaosha malori kwa maji ya mfereji, na juzi aliniuliza, bila haya, eti watu wa kwetu siri yao ya furaha ni nini. Nilikuwa nimeshika jiwe la mizani, Mungu akanizuia.

Ningeishia hapo, ungewalaani wote ukaniacha mimi. Lakini nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama. Kwa vile aliyemuuliza alikuwa mwanawe, yeye hakusalimu, alijibu. Aliitazama ile picha kwa muda, akaweka kidole nje ya ngazi, chini, penye karatasi tupu. Alisema hajawahi kuipanda. Yeye ndiye ameishikilia wengine wapande, na mikono imechoka. Nicodemus akaniuliza mama amesema nini. Nilikuwa nimevaa koti la kuazima na tai, Jepkoech. Niliona aibu, mkalimani mzima, mama yake hana hata kidato kimoja.

Nikasema nane.

Ijumaa ijayo DC ana baraza Rongai. Maneno ya Mama nimeyaandika kama alivyoyasema. Nitayasoma mbele ya DC, na mbele ya Mama, pamoja na ile nane yangu. Jagdish amesema nikienda nisirudi dukani. Nitaenda.

Msalimie shemeji, na watoto uwashike vichwa kwa niaba yangu. Ukifika kwa Mama kabla yangu, usimuulize hali mlangoni. Kaa, kunywa chai, kunywa na cha pili, ndipo umuulize.

Ni mimi kaka yako,
Kosgei