Sauti Iliyoita Mara Moja

Mjukuu wangu Zuwena,

Assalam aleikum. Sote wazima hapa Maskati. Mamako kenda Sib kumlea dada yako, kajifungua mtoto wa kiume.

Nimesoma swali lako. Umepimwa damu, chembe za kugandisha zimepungua kidogo, nawe huli, hulali. Kwa nambari moja tu, Zuwena?

Tulipohamia hapa kutoka Unguja, nikiwa msichana, nami niliambiwa hayo hayo. Daktari akasema, "Kidogo tu. Rudi wiki ijayo tupime tena." Shangazi yangu, tuliyekaa kwake, akashikilia kuwa kuna kinachoninyonya damu. Akanikanya, "Magharibi ukiitwa, usiitike mara ya kwanza. Asiyekuwa mtu huita mara moja tu."

Jioni ile jua likizama nikasikia uani, "Rayya!" Ilikuwa sauti ya shangazi hasa. Nikafungua mdomo niitike. Lakini shangazi alikuwa kakaa ubavuni mwangu, kanikamata mkono. Tukangoja. Haikuita tena.

Nilipopimwa mara ya pili, chembe zilikuwa za kutosha. Daktari alisema huenda mwanzo zilishikamana ndani ya kichupa, zisihesabike zote. Ya uani hakuna aliyenieleza mpaka leo.

Ukiona alama za kuvilia damu mwilini, au damu puani, usingoje, mrudie daktari siku hiyo hiyo. Kama huna, kula, ulale, kisha ukapimwe tena. Majibu hayo yamekuita mara moja tu. Usiyaitikie bado.

Bibi yako, Rayya