Herufi Mbili kwa Skrini

Mugutha, Ruiru
23 Novemba 1998

Kwako kaka yangu Mwendwa,

Sisi tuko. Ng'ombe amezaa ndume, na mvua imebomoa choo cha jirani. Sasa nikuambie kuhusu hii Linux yako uliyoiwekea kompyuta yetu iiendeshe.

Jumatatu iliyopita niliweka toleo lake jipya kutoka kwa CD uliyotuma. Karatasi yako ilisema nikimaliza niandike "lilo" kabla ya kuzima, ili mashine ijue pa kuanzia ikiwashwa. Stima ikapotea kabla sijaandika. Tangu hapo nikiwasha, kompyuta inaandika LI, halafu inanyamaza. Nimezima na kuwasha mpaka kidole kikauma. Disketi ya kuiamsha uliondoka nayo. Nani husafiri Ulaya na ufunguo wa nyumba ya watu?

Programu ya mazishi ya Baba, ile karatasi ya kugawia watu kanisani, ilikuwa humo ndani na majina yetu watoto wote wanne, imebaki kuchapishwa tu. Ilibidi mimi na Mama tukimbie Thika kwa Kaleli, yule wa kupiga chapa, aanze upya. Akauliza, "Marehemu ameacha watoto wangapi?"

Mama akasema, "Watatu."

Nilimwangalia. Hakuniangalia. Kaleli akaandika watatu, na Jumamosi ikasomwa hivyo kanisani mbele ya watu wote. Telegramu ulipata, Mwendwa. Tulikungoja.

Usinitumie amri nyingine kwa barua. Njoo na hiyo disketi mwenyewe. Kwa sasa mahali pekee tulipo wanne ni ndani ya hii mashine, na imekataa kuamka.

Dada yako aliyechoka,
Katunge