Namba Zangu za Siri Zinatangazwa kwa Kipaza Sauti

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada, na naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unicheke, maana wa kunicheka hapa kijijini kwetu Gurye wameshatosha. Mimi ni mgane, nimestaafu, sina simu ya mkononi na siitaki, kwa sababu nilifanya kazi mjini Gwangju miaka mingi ya kupokea malalamiko ya wateja kwa simu, nikatukanwa na watu wazima pamoja na watoto wao, na siku niliyoacha kazi niliapa kwamba hakuna kitu kitakacholia tena mfukoni mwangu. Kompyuta ninayo, barua pepe ninayo, kwa hiyo najiona wa kisasa vya kutosha, ila taabu ni kwamba kila ukitaka kuingia mahali wanakutumia namba za siri kwenye simu, basi nikaandikisha simu ya Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Tak, mtu mwaminifu sana, hajawahi kuniibia hata kabichi.

Mwanzoni alikuwa akiniletea namba mlangoni, lakini namba zenyewe hufa baada ya dakika tatu na magoti yake si ya kupanda mlima, ndipo akaanza kutumia kipaza sauti cha kijiji, kile cha kutangazia dawa za mpunga na misiba, nami nikiwa mezani kwangu nasikia, "Haloo, haloo, moja mbili. Mzee Pyo, namba zako zimefika, shika kalamu. Nne, tisa, sifuri..." na anarudia kwa ajili ya wenye masikio mazito. Shangazi, kusema kweli mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Sasa kuna Bi Ok, mjane anayeuza dagaa kule Tongyeong. Tulikutana kwenye safari ya basi ya wazee, na huu mwaka wa pili tunaandikiana, yeye ananimiminia moyo wake na mimi namweleza hali ya hewa na pilipili zangu, kwa kuwa mimi si mtu wa maneno. Wiki iliyopita nilikuwa shambani nang'oa figili, nikasikia kipaza sauti kinataja namba zangu, nikajiuliza mbona leo sijaomba namba, labda Mwenyekiti ameonja pombe ya mchele mapema, nikaendelea kung'oa. Jioni nenosiri langu likakataa. Kesho yake kipaza sauti kikaita tena, "Mzee Pyo, Mzee Pyo, amepiga simu Bi Ok wa Tongyeong. Anasema barua yako imemliza. Atakuja siku ya kutia kabichi za kimchi kwenye chumvi na pilipili, na jibu lako atakupa mwenyewe uso kwa uso."

Jibu gani, Shangazi? Mimi sijauliza swali.

Nilipoingia ukumbi wa wazee, Mama Dal-su, mke wa Mwenyekiti, akaniwekea bakuli la supu akasema, "Kunywa, baba, upate nguvu. Mwanamke gani ataishi kwa kuandikiwa habari za pilipili miaka miwili?" Wakacheka, nami nikacheka kidogo ili yaishe. Sasa naona haya kuomba namba mpya, maana zikitangazwa tu kijiji kizima kitajua nimefungiwa nje ya barua zangu mwenyewe. Nifanyeje nirudi ndani kabla mama wa watu hajafika, na nitamjuaje aliyeniingilia? Tafadhali badilisha majina.

Asiye na Simu, Gurye

* * *

Asiye na Simu,

Majina nimebadilisha, ingawa sijui ninamficha nani na ninamficha kwa nani. Kijiji chako kilikuwa na habari hizi kabla yangu.

Kwanza nikutetee. Kutokuwa na simu si kosa. Ulitukanwa kazini hadi ukaichukia, na mfuko wako ni wako. Lakini wewe, baba, umeikataa simu moja, ukajitwalia simu yenye midomo minne juu ya nguzo, inayosikika hadi ng'ambo ya mto. Halafu unaiita siri. Hizo namba zako hata mbuzi wa jirani wanazijua.

Tena lililoniudhi ni figili. Namba usizoziomba maana yake ni moja tu: kuna mtu yuko mlangoni pako anajaribu kufungua. Uliambiwa kwa kipaza sauti, tena kwa kurudiwa, na wewe ukaona bora kumsingizia Mwenyekiti ulevi. Siku nyingine ukisikia namba usizoziomba, tupa figili ukimbie.

Unauliza ni nani. Soma barua yako mwenyewe. Habari za pilipili ulimwandikia Bi Ok peke yake. Mama Dal-su alizijulia wapi? Supu ulikunywa, akili ukaiacha bakulini. Kikulacho ki nguoni mwako, na simu iko nyumbani mwake.

Na wewe Mama Dal-su, najua gazeti hili linafika ukumbini. Kuingia kwenye barua za mtu ni wizi, hata kama uliingia kufagia. Umemliza mwanamke kwa maneno ya mtu ambaye hakuyasema. Nenda ukaombe radhi, na usiende na supu.

Turudi kwako, baba. Mlango wa akaunti yako haujafungwa kwa nenosiri, umefungwa kwa haya zako. Leo hii mwite Mwenyekiti nyumbani kwako pamoja na simu yake, apandishwe kwa trekta kama magoti hayataki, na akiondoka kwake azime mtambo wa matangazo. Omba namba, akusomee kwa mdomo, weka nenosiri jipya ambalo si jina la mbwa wako, kisha uamuru akaunti iwatoe wote walioingia mahali pengine. Baada ya hapo nunua ule ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta badala ya kutumiwa namba, ununue miwili, mmoja uufiche mbali na mwenzake. Kama kampuni yako ya barua pepe inatoa namba za akiba, zichapishe kwenye karatasi na uziweke unapoweka hati ya shamba, si mlangoni pa jokofu. Ukihakikisha vyote vinafanya kazi, ndipo uifute namba ya Mwenyekiti. Kama kampuni hiyo haikubali ufunguo, hama. Mambo ya benki, vaa viatu uende dirishani na kitambulisho chako.

Ukishaingia, fungua barua iliyotumwa kwa jina lako usome swali lake. Kisha mpigie Bi Ok. Ndiyo, kwa simu, utaazima na hutakufa. Mwambie ukweli wote kabla hajapanda basi, maana yeye ndiye aliyelia, si wewe.

Nimeirudia barua yako kutafuta jambo moja, na sijaliona. Umeuliza utarudije ndani, umeuliza mwizi ni nani. Hujauliza popote utamzuiaje Bi Ok asije. Basi ukimaliza kumwambia ukweli, na akiwa hajakata simu, lile swali mwulize tena wewe, kwa sauti yako.

Shangazi