Masaa Sita Tuliyochelewa

Alhamisi, jioni

Na bado naisikia sauti yangu: "Mzee Shomari, unalala kazini!" Mbele ya wanafunzi, mtu mwenye umri wa baba yangu.

Programu ya kufuatilia kasi ndiyo iliyonipandisha hasira. Hesabu za mvua ya Uluguru tumezigawa kwa kompyuta za hapa, Dar na Arusha, zipigwe kwa pamoja. Tangu Jumatatu mchoro umeonyesha wenzetu wakimaliza vipande vyao kwa dakika, sisi kwa masaa sita na ushei. Mkuu wa idara akasema Morogoro tunatia aibu. Nikatafuta wa kumtupia lawama.

Mzee Shomari, fundi wetu, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, mashine inamaliza kabla chai yangu haijapoa." Nikamwambia asinifundishe kazi.

Mchana ndipo nikaitazama saa ya kompyuta yetu. Iko mbele kwa masaa sita kamili, na programu huhesabu tangu Dar wanapotuma kipande kwa saa yao hadi kinapokwisha kwa saa yetu. Umeme uliporudi Jumatatu, ni mimi niliyeirekebisha. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, nami kwa usingizi nikaandika kumi na mbili. Mashine hiyo hufuata saa ya Kizungu, ilipaswa kuandikiwa sita. Mjinga mimi.

Nimeirudisha, na mstari wetu kwenye mchoro sasa uko sawa na wa wenzetu. Mkuu akanipongeza kwa kumnyoosha fundi, akasema hata hivyo mkataba wake hauongezwi; watu wanapunguzwa, na wazembe ndio wa kwanza. Sikumwambia kwamba kosa ni langu. Sikumwambia!

Barua ya kumwachisha Mzee kazi iko mezani kwa Mkuu, haijasainiwa. Nisipomwahi Mkuu kesho nikamwambia ukweli, nitamwamkia Mzee Shomari shikamoo, naye ataniitikia, "Marahaba, mwanangu," bila kujua kwamba ni mimi niliyemponza.