Mkwe Wangu Bwawani

Dada Bhoke, shikamoo kutoka katikati ya bahari!

Meli hii ni mji mzima: ina maduka, kanisa, na bwawa la kuogelea huko juu. Binti yangu Robhi na mumewe wananitunza vizuri, ila ugali hakuna, nakula wali kama mgonjwa. Tena hakuna mahali pa kumkwepa mkwe, na kwetu ni mwiko mama mkwe kumwona mkwewe bila nguo.

Jana nilipanda juu kuota jua. Ndani ya bwawa nikamwona nani? Chacha, mume wa Robhi, na kaptula ndogo kama leso! Nikajifunika kanga usoni. Naye aliponiona, kwa adabu aliyofundishwa kwao Genkuru, akajizamisha na kukataa kuibuka. Mwokoaji akadhani anakufa maji, akajitosa, akambeba na kuja kumlaza miguuni pangu! Chacha kafumba macho kama maiti. Mimi chini ya kanga nacheka mpaka natetemeka, wazungu wakidhani nalia, wananipa pole ya msiba.

Nimekukumbuka, dada. Nikifika nisongee ugali wa mtama, mgumu. Na waulize wazee hapo Nyamisangura: mbuzi wa faini ya mwiko huu atatolewa na mkwe, au na mwokoaji aliyemleta miguuni pangu?

Mdogo wako,
Ghati